Maua ya Mwalimu
(Mazungumzo yaliyotolewa katika chakula cha jioni cha wanafunzi wa zamani)



Niliombwa niseme juu ya safari zangu. Safari nitakayoisimulia haikuvuka bahari. Nilipanda basi moja tu mpaka Upanga, Dar es Salaam, ambako Wasinhala wana hekalu lao la Kibudha tangu enzi za ukoloni.

Wengi wenu mnamkumbuka mwalimu wetu wa hesabu kutoka Sri Lanka. Mnalikumbuka pia jina tulilompa, nami sitalitaja mbele ya wake zetu. Juu ya kabati lake palikuwa na sanamu ndogo ya Budha, na kila jioni aliweka maua mbele yake. Sisi, tuliozijua Amri Kumi kuliko adabu, tulichungulia dirishani tukicheka. Siku moja tuliyaiba yale maua. Akachuma mengine, asiseme neno.

Mwaka jana nilipata habari kwamba amefariki kwao. Nikaona haya, ndipo nikaenda.

Mlangoni viatu huvuliwa, kama msikitini. Ndani watu huketi chini, na si adabu kuielekezea sanamu nyayo. Mtawa mmoja, kichwa kimenyolewa, amejifunga nguo ya manjano iliyokolea, alinikaribisha. Nikamwuliza bila kuzunguka: Je, mnaabudu sanamu?

Akacheka kidogo. Alisema Budha alikuwa mtu, jina lake Siddhartha, mwana wa mtawala, aliyeacha nyumba yake yapata miaka 2,500 iliyopita ili atafute chanzo cha mateso ya binadamu. Alikiona katika tamaa, yaani kung'ang'ania vitu visivyodumu. Hakudai kuwa Mungu. Na maua? Maua huwekwa pale kwa sababu yatanyauka, na anayeyaweka hukumbuka kwamba mwili wake nao uko njia hiyo hiyo.

Kumbe ndilo somo alilokuwa akilisoma mwalimu kila jioni!

Uani alinionyesha mti wa bodhi, wa ukoo mmoja na mikuyu yetu. Budha alipata mwanga chini ya mti wa aina hiyo. Hapo nikamwuliza nifanye nini kwa ajili ya marehemu. Akasema nilete chakula kabla ya adhuhuri, maana baada ya hapo mtawa hali tena mpaka kesho yake.

Jumamosi nilipeleka wali, dengu na maembe. Mtawa alisoma kwa Kipali, kisha akanipa birika nimimine maji polepole katika kikombe kilichowekwa ndani ya bakuli, mpaka kifurike. Kwa kufanya hivyo, thawabu ya sadaka humwendea marehemu.

Mimi ni mzee wa kanisa. Mkono ulisita, nakiri. Mchungaji wangu anasema ingetosha kuiandikia familia barua ya rambirambi, na mpaka leo hatujakubaliana. Lakini nilimimina. Wakati ule sikuwaza juu ya dini yo yote. Niliyaona tu yale maua ndani ya ndoo ya taka ya bweni letu.

Hata hivyo, Mchungaji ana haki kuhusu barua. Anwani ya binti yake ninayo. Siku ile tulikuwa wanne dirishani, na watatu tumo humu ukumbini. Nimekuja na karatasi na bahasha. Nitawangoja meza ya nyuma, karibu na chai.