Baada ya Tangazo: Homa ya Ini na Deni la Mipango ya Taifa



Kila ifikapo Julai 28, siku aliyozaliwa Baruch Blumberg, mgunduzi wa kirusi cha homa ya ini B, wizara za afya hutundika mabango ya kuhamasisha watu kuhusu homa ya ini na kugawa fulana. Sina ugomvi na fulana. Ila jioni hii nawaomba twende Misri kwanza, maana huko ndiko nilikoona wazi kwamba kuwahamasisha watu ni rahisi. Shughuli ni kuwa na cha kuwapa wakishaitika.

Kuanzia miaka ya 1950 hadi mwanzoni mwa miaka ya 1980, serikali ya Misri iliendesha kampeni kubwa ya kutibu kichocho vijijini, kando ya Nile na mifereji yake, ambako mkulima hana namna ya kuyakwepa maji. Dawa ilikuwa ya sindano, na mgonjwa alidungwa wiki baada ya wiki mpaka dozi iishe. Mabomba ya sindano yalikuwa ya kioo. Yalitumika, yakachemshwa harakaharaka, yakarudi kwenye mkono wa mtu mwingine. Kirusi cha homa ya ini C kilikuja kugunduliwa mwaka 1989, kwa hiyo muuguzi aliyekuwa na foleni ndefu mbele yake hakuwa na habari ya alichokuwa anakigawa pamoja na dawa. Kufikia 2008, utafiti wa kitaifa ulikuta takriban mtu 1 kati ya 10 wenye umri wa miaka 15 hadi 59 anaishi na kirusi hicho.

Tusilipite jambo hili mbiombio. Mpango wa afya wa taifa ndio uliosambaza ugonjwa. Afisa anayefika kijijini leo na kusema "njooni, ni bure, ni kwa faida yenu" anarudia maneno ambayo baba wa kijiji hicho aliyasikia, akayaamini, akaondoka na kirusi.

Wamisri walijibu kwa kutanguliza dawa. Mwishoni mwa 2013 kilipotoka kidonge kipya cha sofosbuvir, dozi ya wiki 12 iliuzwa Marekani kwa dola 84,000. Misri ilikaa mezani na mtengenezaji, ikaipata kwa dola 900. Baadaye viwanda vyake vyenyewe vikaishusha bei hadi chini ya dola 100. Waliokuwa wakijijua ni wagonjwa walijiandikisha kwa wingi, wakatibiwa, na kufikia 2016 orodha ya wanaosubiri ikaisha. Hapo ndipo likazuka tatizo ambalo nchi nyingi zingelitamani: dawa zimejaa ghalani, wagonjwa hawaonekani. Kirusi C hukaa mwilini hata miaka 20 bila mwenyewe kuhisi chochote, huku ini likijaa makovu.

Basi kuanzia Oktoba 2018 hadi Aprili 2019 wakatangaza kwa nguvu zote. Watu wapatao milioni 50 walipimwa, kati ya milioni 62.5 waliolengwa. Ninachokisifu zaidi ni jinsi meza ya kupimia ilivyopangwa. Ukifika, unatobolewa kidole kwa kipimo cha haraka cha homa ya ini; papo hapo unapimwa sukari, presha, urefu na uzito. Jirani aliyekuona kwenye foleni hawezi kusema umefuata nini. Aliyekutwa na dalili za kirusi alielekezwa kituo cha kuthibitisha, na akithibitika anapewa vidonge bila kulipa. Oktoba 2023, Misri ikawa nchi ya kwanza kupewa na Shirika la Afya Duniani hadhi ya dhahabu katika safari ya kutokomeza homa ya ini C.

Kwetu Afrika Mashariki hali ni nyingine, na anayetaka kuinakili kampeni ya Misri kama ilivyo atapoteza fedha. Mzigo wetu mkubwa ni homa ya ini B. Hii haina vidonge vya miezi mitatu vya kuimaliza. Ina dawa ya kuituliza, na ina chanjo.

Na habari zake humfikiaje mtu wa kwetu? Wengine huambiwa walipokwenda kuchangia damu, wengine kliniki ya wajawazito. Wapo wanaoambiwa na wakala wa ajira. Binti wa Tanga au Mombasa amepata kazi Ghuba, ameuza alichokuwa nacho, anakwenda kupimwa, anarudishiwa neno moja: umefeli. Amefeli nini, afanye nini, mama yake na wadogo zake nao wapimwe? Hakuna anayemweleza. Akijitahidi mwenyewe akafika kwa daktari, huenda akaandikiwa tenofovir, dawa ileile iliyomo katika ARV za wenye VVU, akashindwa kuiweka kabatini kwa kuogopa macho ya mawifi.

Huo ni uhamasishaji pia, tena wenye kufika mbali kuliko bango lolote, na unafanya kazi kinyume nasi.

Lakini ningepewa fedha ya jambo moja tu, nisingeipeleka redioni. Mtoto akiambukizwa B wakati wa kuzaliwa, uwezekano wa kuishi nayo maisha yote ni kama 9 kwa 10. Mtu mzima ni chini ya 1 kwa 20. Tanzania iliingiza chanjo hii katika ratiba ya watoto mwaka 2002, na mtoto huchomwa akiwa na wiki 6, 10 na 14. Wiki hizo 6 za kwanza ndizo kirusi huzitumia. Tangu 2009 Shirika la Afya Duniani linashauri kila mtoto apewe dozi ndani ya saa 24 za kuzaliwa. Ripoti yake ya 2024 ilionyesha kwamba katika kanda ya Afrika, yenye asilimia 63 ya maambukizi mapya ya B, ni asilimia 18 tu ya watoto wanaoipata.

Kikwazo kimojawapo ni kidogo mno kiasi kwamba hakiandikwi kwenye mikakati. Friji ya chanjo mara nyingi iko chumba cha kliniki ya watoto, kinachofungwa jioni na mwisho wa wiki; mama anajifungua saa nane usiku wa Jumamosi. Mkunga yupo, mtoto yupo, funguo ziko kwa mtu aliyekwenda nyumbani. Chanjo ya B huvumilia joto kuliko nyingi. Adui yake mkubwa ni kuganda. Kwa hiyo kibali cha kuiweka kwenye friji ndogo wodi ya wazazi, na mkunga wa zamu kuruhusiwa kuichoma na kuijaza kwenye kadi, ni mambo ya waraka mmoja wa wizara.

Mimi nimeishia hapo. Wakunga mliomo ukumbini, najua mna mengi ya kusema kuhusu hizo funguo. Kipaza sauti ni chenu.