Kabla Hamjabadilisha Mfumo wa Kompyuta ya Kikundi

Maneno yaliyosemwa mbele ya makatibu na waweka hazina wa vikundi vya kujisaidia katika semina ya parokia

Tumepewa muda mfupi kabla ya chakula, kwa hiyo tuingie katika jambo lenyewe.

Siku hizi, katika vikundi vingi tunavyovitembelea, hesabu hazikai tena kwenye lile sanduku la bati lenye kufuli tatu peke yake. Zimeingia ndani ya kompyuta. Na mara nyingi si kompyuta ya ofisi, maana ofisi yenyewe iko wapi? Ni kompyuta ya nyumbani kwa katibu, iliyonunuliwa ikiwa imeshatumika, imewekwa juu ya meza sebuleni na kufunikwa kitambaa. Mchana watoto wanaifanyia kazi ya shule, usiku mama anaandika hisa, mikopo na faini. Nyingi tulizoziona zinatumia Windows 10.

Windows 10 ilitoka Julai 2015, na kampuni ya Microsoft iliacha kuitunza tarehe 14 Oktoba 2025. Wengi wenu mmeona ilani kwenye skrini, na kila mtu ana lake la kusema. Mmoja anasema lazima kununua kompyuta mpya. Mwingine anasema huo ni ujanja wa wafanyabiashara, iacheni. Wa tatu ana mtoto wa jirani ambaye anajua kompyuta, atabadilisha kila kitu Jumamosi moja kwa pesa ya soda. Kuna kikundi ambacho kilikuwa karibu kuchukua akiba ya mbegu kununulia kompyuta, na mvua ilikuwa mlangoni. Ndiyo sababu tuliona tuyaongee haya mbele ya wote.

Kwanza tuelewane. Windows ni mfumo endeshi, yaani ile programu kubwa inayoiamsha kompyuta na kuzibeba programu nyingine zote, kama msingi unavyobeba nyumba. Kusema imeachwa kutunzwa si kusema imekufa. Ukibonyeza kitufe itaamka kama jana. Kilichokoma ni marekebisho ya bure ya usalama yaliyokuwa yakija kila mwezi. Wezi wa kompyuta hutafuta matundu katika mfumo, na kampuni huziba matundu hayo yanapogunduliwa. Sasa matundu yataendelea kugunduliwa, lakini wa kuziba hayuko. Ni kama paa ambalo fundi wake amehama: leo halivuji, na kwa sababu halivuji mtu anasema fundi hana haja.

Mnakumbuka habari za Mei 2017? Programu moja mbaya iliyoitwa WannaCry ilienea duniani kwa siku chache tu, ikafunga mafaili ya kompyuta zaidi ya laki mbili katika nchi kama 150, na kudai dola 300 kwa kila kompyuta ndipo ifungue. Hospitali za Uingereza zilirudisha wagonjwa nyumbani. Na Microsoft ilikuwa imetoa kiraka cha tundu lile tangu mwezi wa Machi, miezi miwili kabla! Walioumia ni wale ambao hawakukiweka, na wale waliokuwa na mifumo ya zamani isiyopata viraka tena.

Sasa nyinyi mtasema, nani atahangaika na kikundi cha kina mama wa kuku? Programu ya namna ile haichagui. Inabisha kila mlango, unaofunguka inaingia. Halafu angalieni kilichomo ndani: majina, nambari za vitambulisho, nambari za simu, nani ana deni na nani ameshindwa kulipa. Nchi yetu ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019, na mtu anayeweka habari za wenzake ana wajibu wa kuzilinda. Hata bila sheria, jina la mwenzako aliyechelewa kulipa si la kutembezwa sokoni.

Lakini tuseme ukweli. Katika vikundi tunavyovijua sisi, hasara haikuletwa na wezi wa mbali. Ililetwa na haraka ya kubadilisha. Kikundi kimoja kilimpa fundi kompyuta asubuhi, jioni akairudisha iking'aa, Windows 11 mpya kabisa, inaenda mbio. Katibu akatafuta daftari la mikopo, halipo. Fundi alikuwa ameisafisha diski yote. Akauliza, "Kwani mlikuwa na kitu ndani?" Basi ilibidi kumwita kila mwanachama na kadi yake, na wengine kadi zilikuwa zimeliwa na panya. Wawili walikuwa na mikopo ambayo ushahidi wake ulikuwa ndani ya ile diski tu. Walilipa, kwa uaminifu wao. Je, wangekataa? Kikundi kingegawanyika, na kugawanyika kwa kikundi si kitu cha kurekebishwa na fundi.

Kompyuta ni chuma. Ikiharibika mtachanga mnunue nyingine. Daftari la mikopo la miaka mitatu halinunuliwi dukani. Kwa hiyo kabla ya neno Windows kutajwa, fanyeni nakala. Nakala mbili, kwenye flashi mbili, zikae kwa watu wawili tofauti. Tena nakala ambayo haijafunguliwa bado si nakala! Peleka flashi kwenye saiba au kwa jirani, fungua faili pale, tazama kama jumla ya mwisho ni ile ile. Tumeona flashi yenye folda nzuri imeandikwa "Hesabu za kikundi" na ndani mna njia ya mkato tu, faili lenyewe lilibaki nyumbani. Halafu chapisheni karatasi moja yenye salio la kila mwanachama, kila mtu atie sahihi mbele ya jina lake. Karatasi hiyo haihitaji stima.

Haya, baada ya hapo ndipo mnaweza kuuliza tufanye nini.

Njia ya kwanza ni kupanda kwenda Windows 11. Kwa mwenye Windows 10 halali, ni bure. Shida ni kwamba si kila kompyuta inakubaliwa. Inataka kumbukumbu ya kazi, ile mafundi wanaita RAM, isiyopungua GB 4, diski ya GB 64 au zaidi, na chipu ya usalama inayoitwa TPM ya toleo la 2.0. Na ubongo wa kompyuta usiwe wa zamani: kwa zile za Intel kwa kawaida ni kizazi cha 8 kwenda juu, na hizo zilianza kutoka mwaka 2017. Muuzaji atawaambia "ni i5 hii" na kunyamaza. Haitoshi. Ingieni kwenye mipangilio, sehemu inayoeleza habari za mfumo, msome nambari inayofuata. Ikiwa ni i5-8250U, ile 8 ya kwanza ndiyo kizazi, inafaa. Ikiwa ni i5-6300U, ni kizazi cha 6, haitakubaliwa. Microsoft pia ina programu ndogo ya bure, PC Health Check, inayokupa jibu bila kubadilisha kitu.

Wapo mafundi wanaojua kuilazimisha Windows 11 iingie kwenye kompyuta iliyokataliwa. Inaingia kweli. Lakini Microsoft imesema kompyuta za namna hiyo hazina uhakika wa kupata marekebisho, na marekebisho ndiyo tuliyokuwa tunayafuata tangu mwanzo. Kwa maoni yetu kikundi kisilipie jambo hilo.

Kama kompyuta inakubaliwa, mwambieni fundi apandishe juu ya ile ya zamani, asisafishe diski. Mafundi wengi hupenda kusafisha kwa sababu ni kazi fupi. Pakueni mahali penye intaneti nzuri, si kwa bando la simu, maana ni zaidi ya GB 4. Betri iwe imejaa, na msifanye siku stima inapotea-potea. Baada ya kumaliza, msikae mwezi bila kujaribu vitu. Chapisheni risiti siku hiyo hiyo, maana printa za zamani ndizo hugoma kwanza. Kuna siku 10 tu za kurudi Windows 10 bila kupoteza mafaili. Zikipita, kitufe cha kurudi kinaondoka.

Hapa tusimame kidogo, maana jambo hili limeumiza watu bila wao kujua lilitoka wapi. Windows 11 inapowekwa upya huuliza akaunti ya Microsoft, yaani barua pepe. Fundi huweka ya kwake ili amalize kazi. Kumbe kwenye kompyuta nyingi, kuingia kwa akaunti hiyo kunaifunga diski kwa kufuli ya siri, na ufunguo wake, wenye tarakimu 48, unahifadhiwa kwenye akaunti ile. Siku moja kompyuta inaamka ikidai ufunguo. Mtaupata wapi? Uko kwa kijana ambaye sasa yuko Mombasa na amebadilisha simu. Kwa hiyo fungueni akaunti ya kikundi. Neno la siri lijulikane na watu wawili, na zile tarakimu 48 ziandikwe kwa kalamu, zitiwe ndani ya sanduku la bati. Lile sanduku bado lina kazi!

Sasa kompyuta iliyokataliwa. Je, itupwe? Hapana. Kuna mifumo ya bure ya ukoo wa Linux, iliyoanzishwa mwaka 1991 na Linus Torvalds wa Finland. Ubuntu ni mmoja, ulianza 2004 kwa juhudi za Mwafrika Kusini, Mark Shuttleworth, na jina lake ndilo "utu" wetu sisi. Juu ya Ubuntu pamejengwa Linux Mint, ambayo sura yake haimtishi mtu aliyezoea Windows. Inaomba RAM ya GB 2, ingawa GB 4 ni bora. Uzuri wake ni kwamba unaweza kuijaribu ikiwa kwenye flashi, bila kugusa diski. Mkiipenda ndipo muiweke.

Hatusemi haina taabu. Excel haiingii humo kama mlivyoizoea; mtatumia LibreOffice. Inafungua mafaili ya Excel, lakini yale yenye fomula ngumu au vitufe vya kujiendesha huweza kugoma. Jaribuni faili lenyewe la mikopo, msijaribu barua tu. Tena ulizeni: katika eneo letu nani anaijua Linux? Kama ni mtu mmoja, na hata huyo yuko mjini, lifikirieni sana. Kikundi kimoja kilibadilisha, na katibu, mama mtu mzima, alituambia alichanganyikiwa wiki mbili, ya tatu akaendelea na kazi. Kingine kilirudi nyuma. Vyote viwili viliamua kwa kuona.

Ipo pia nyongeza ya mwaka mmoja ambayo Microsoft iliwapa watumiaji wa nyumbani wa Windows 10, ya marekebisho ya usalama hadi tarehe 13 Oktoba 2026. Ilitolewa kwa dola 30, au bila malipo kwa anayekubali kuhifadhi mipangilio yake kwenye akaunti ya Microsoft. Hiyo ni ya kuwapa nafasi ya kuchanga polepole. Anayeichukua na kulala atajikuta pale pale.

Na wengine husema, tutaitoa tu kwenye intaneti. Kwa hesabu peke yake inawezekana. Lakini flashi inayotoka saiba inabeba virusi kama mbu abebavyo malaria, na mtoto ataunganisha simu yake humo usiku mkiwa mmelala. Kama ndiyo njia yenu, basi flashi ya kompyuta hiyo isitembee.

Kununua tuliweka mwisho makusudi. Ikibidi, msinunue kabla ya kuisoma ile nambari ya kizazi.

Uamuzi wowote mtakaoufanya upitie mkutano. Si wa katibu peke yake kwa kuwa kompyuta iko kwake, wala si wa fundi. Fundi aeleze kwa Kiswahili cha kawaida atafanya nini, atachukua pesa ngapi, na nini kinaweza kupotea. Iandikwe kwenye kumbukumbu za mkutano. Akina mama wasiojua kusoma wana hisa humo kama wengine, waulize maswali mpaka waridhike. Huko kwetu, swali la mama mmoja mzee, "Na hiyo ikikataa kuamka, pesa zangu zitasemwa na nani?", ndilo lililofanya kikundi kichapishe ile karatasi ya salio.

Waliokuja na kompyuta zao, baada ya chakula tutakaa chini ya ule mwembe tuzisome nambari moja moja. Linux Mint tunayo kwenye flashi, anayetaka kuiona ataiona. Hatutabadilisha kompyuta ya mtu leo. Mwenye flashi mbili tupu azitoe mapema, tuanze na nakala.