Amana Inapovuka Daraja: Dhima ya Mwenye Kusafirisha Sarafu za Watu

Shukrani zote anastahiki Allah, Mola wa viumbe vyote. Rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), ambaye kaumu yake ilimwita Al-Amin kabla ya kupewa utume, pamoja na aali zake na Sahaba zake. Ama baad.

Ndugu zetu Waislamu,

Mtume (s.a.w.) alipohama Makka alimwacha nyuma Ali (r.a.) ili awarejeshee watu amana zao, na wenye amana hizo walikuwa miongoni mwa watu waliompinga. Hicho ndicho cheo cha amana katika dini yetu. Leo tunaizungumzia katika mlango ambao vijana wetu wengi wameuingia bila ya elimu: kupeleka fedha kwa sarafu za kidijitali zilizofungamanishwa na dola, kama USDT iliyoanza mwaka 2014 na USDC iliyoanza mwaka 2018. Hitilafu ya wanazuoni juu ya hukumu ya sarafu hizi ina mahali pake, na sheria za nchi nazo hazina budi kuchungwa. Suala letu ni moja: mtu amekabidhiwa fedha za mwenziwe azifikishe kwa njia hii, zikapotea njiani. Je, atalipa?

Msingi walioweka fuqahaa ni kwamba aliyeaminiwa halipi kilichopotea mkononi mwake ila akivuka mipaka au akizembea. Basi yatupasa tujue uzembe ni upi katika kazi hii, na hatutaujua mpaka tufahamu fedha hizi husafiri vipi.

Blokicheni ni daftari la hesabu linalotunzwa na kompyuta nyingi kwa pamoja. Ethereum ni daftari moja, Tron ni jingine, Solana ni jingine. Sarafu iliyoandikwa katika daftari moja haiwezi kutoka humo ikaingia katika jingine. Kinachofanyika ni mojawapo ya njia mbili.

Katika njia ya kwanza, mtoaji wa sarafu mwenyewe huifuta katika daftari la kwanza, kisha huandika mpya ya kiasi kile kile katika la pili. Kampuni ya Circle, inayotoa USDC, ilianzisha utaratibu wa namna hii mwaka 2023. Katika njia ya pili, sarafu hufungiwa kwa mlinzi upande mmoja, na upande wa pili mtu hupewa hati yenye jina linalofanana na la sarafu. Mfumo huo huitwa daraja. Hati ile si sarafu. Ni dai tu juu ya kilichofungiwa ghalani. Ghala likivunjwa, mwenye hati hubaki na jina tupu.

Na maghala yamevunjwa. Februari 2022 daraja la Wormhole liliporwa zaidi ya dola milioni 300. Machi mwaka huo huo la Ronin likaporwa zaidi ya milioni 600. Julai 2023 zaidi ya dola milioni 100 ziliondoka katika daraja la Multichain, na kampuni ikaeleza kwamba kiongozi wake, ambaye peke yake ndiye aliyeshika mamlaka ya funguo, alikuwa amechukuliwa na polisi nchini China tangu Mei. Katika mtandao wa Fantom, hati za daraja hilo zilizobeba jina la USDC zikaporomoka thamani, ilhali USDC ya Circle yenyewe haikuguswa.

Imepokewa kwamba Abdullah bin Zubayr (r.a.) alikuwa akipokea dirhamu za watu Makka, kisha akiwaandikia barua kwa nduguye Mus-ab aliyekuwa Iraq, nao wakilipwa huko. Fuqahaa waliliita jambo hili suftaja, wakahitilafiana juu yake. Lakini aliyeichukua barua ile alimjua aliyeiandika na alimjua atakayelipa. Nasi tujiulize: funguo za daraja tunalolipita zimeshikwa na nani?

Kwa hiyo, mwenye kubeba amana ashike haya.

Kwanza, apate idhini ya mwenye mali baada ya kumweleza hatari. Aya ya 282 ya Suratul Baqara, iliyo ndefu kuliko zote katika Qur'ani, imehusu kuandikiana deni. Basi naye aandikiane na mpokeaji ni sarafu gani na mtandao upi. Anwani za Tron huanza na T, lakini mitandao mingi hutumia anwani za sura moja na Ethereum, hivyo kuitazama anwani peke yake hakutoshi.

Pili, asilipite daraja bila ya haja. Ikiwa soko la sarafu analotumia linaweza kutoa fedha moja kwa moja katika mtandao wa mpokeaji, atosheke na hilo. Ikibidi kuvuka, atangulize njia ya mtoaji mwenyewe.

Tatu, ahakikishe anwani ya mkataba wa sarafu kwa mtoaji wake, kwani jina kila tapeli huweza kuliiga.

Nne, atume kwanza kiasi kidogo, asubiri mpokeaji athibitishe, ndipo apeleke kilichobaki. Wala asinakili anwani kutoka katika orodha ya miamala iliyopita; matapeli hupenyeza humo anwani zinazofanana na ya kweli mwanzoni na mwishoni.

Tano, akumbuke ada. Aghlabu hulipwa kwa sarafu ya mtandao wenyewe, kama TRX katika Tron, na asiyekuwa nayo huenda akapokea fedha asiweze kuzitoa.

Sita, maneno ya siri ya kufungulia pochi, yawe 12 au 24, asimpe mtu yeyote.

Aliyetimiza haya kisha akafikwa na msiba asioweza kuuzuia, huyo ni mwaminifu, na msingi tulioutaja unamkinga. Aliyeyapuuza kwa haraka, au kwa kukwepa ada ndogo, amezembea, na mali ya yatima au karo ya mwanafunzi ni deni shingoni mwake. Na asiyejua njia hii aseme sijui, airejeshe amana kwa mwenyewe. Hakuna aibu katika neno hilo.

Tunamwomba Allah atujaalie kuwa watekelezaji wa amana. Wabillahi tawfiq.