Kuishi na Maumivu Yasiyokwisha

Leo tutazungumza juu ya maumivu ya mwili. Si yale ya jino au ya kidonda kibichi, bali yale yanayokaa. Maumivu yakizidi miezi 3, madaktari huyaita maumivu sugu, na mengi ni ya kiuno.

Kwanza, jiulize: je, maumivu hulingana na jeraha? Katika Vita Kuu ya Pili, daktari Mmarekani, Henry Beecher, aliwauliza askari waliojeruhiwa vibaya huko Italia kama walitaka dawa ya kutuliza maumivu. Mwaka 1946 aliandika kuwa karibu robo tatu walikataa. Yeye alidhani sababu ni kwamba, kwao, jeraha lilikuwa na maana ya kutoka vitani wakiwa hai. Kisha mwaka 1965 Ronald Melzack na Patrick Wall walieleza kuwa katika uti wa mgongo mna kama lango la habari za maumivu, na ubongo waweza kulifungua zaidi au kulifunga kidogo. Maelezo yao yamerekebishwa tangu hapo, lakini jambo kubwa limebaki: hofu na fikra huzidisha maumivu au huyapunguza. Sisemi kwamba maumivu ni ya kuwaziwa tu. La! Ni ya kweli.

Sasa mfikirie fundi cherehani mwenye kuumwa kiuno. Kila siku husema, "Kikipona nitakwenda arusini. Kikipona nitampakata mjukuu." Mwaka unapita. Kiuno hakijapona, arusi imekwisha, na mjukuu anakimbia uani. Fundi huyu amebeba mizigo miwili: maumivu yenyewe, na vita vyake na maumivu. Mzigo wa pili ndio tuwezao kuutua.

Kuutua ni kukubali. Kukubali si kukata tamaa. Ni kama kukaa na mgeni asiyealikwa: hukumwita, lakini humwachii akupangie siku yako.

Basi, jaribu hivi. Keti, vuta pumzi polepole, uyatazame maumivu bila kuyakimbia: yako wapi? Yanachoma, yanavuta au yanapwita? Moyo ukisema, "Sitaweza kamwe," jibu, "Hilo ni wazo lililonijia." Kisha chagua jambo moja unalolithamini, ulianze kwa kipimo kidogo: kwenda kwa jirani kwa dakika 5, leo na kesho. Siku njema usijimalize. Siku mbaya usilale kutwa. Ongeza kidogo kidogo.

Mwaka 1979 Jon Kabat-Zinn alianza kufundisha utulivu wa namna hiyo katika hospitali moja ya chuo kikuu huko Massachusetts, Marekani. Uchunguzi wa baadaye umeonyesha faida ya kiasi. Wengi huumwa bado, lakini huishi vizuri zaidi.

Angalizo moja. Mwone daktari kwanza, ajue chanzo, na dawa aliyokupa usiiache. Tena, mguu ukilegea, ukishindwa kuzuia mkojo, au ukifa ganzi mapajani kwa ndani, nenda hospitali siku ile ile. Hayo si ya kukubali.

Kabla ya somo lijalo, zungumzeni nyumbani: ni jambo gani umeliahirisha ukingoja maumivu yaishe? Kwaherini.