Kuumia Ukiwa Mapumzikoni Nje ya Nchi: Haki ya Fidia na Namna ya Kuidai

(Mada iliyowasilishwa na Afisa Sheria wa Halmashauri katika mkutano wa wananchi)



Watu wa wilaya yetu siku hizi husafiri. Wapo wanaokwenda Mombasa kupumzika, Kampala kwa harusi, na Dubai kwa matembezi yaliyochanganyika na biashara. Wengi hurudi salama. Wachache hurudi na magongo, na mara nyingi hurudi mikono mitupu.

Wengi wetu huamini kwamba jambo lililotokea ugenini huachwa ugenini. Mtu huvunjika mguu, ndugu huchanga fedha za matibabu, kisha husemwa kuwa ni mapenzi ya Mungu. Sibishani na imani hiyo. Nasema tu kwamba pale ambapo mtu mwingine alizembea, sheria nayo ina neno lake, na neno hilo halikomi mpakani. Kinachokoma ni muda na ushahidi.

Kwanza tutofautishe mambo mawili. Bima ya safari ni mkataba wako mwenyewe na kampuni ya bima: hulipa kwa mujibu wa masharti yaliyoandikwa, hata kama hakuna aliyekosea. Fidia ni dai dhidi ya aliyesababisha madhara, yaani mwenye basi, mwenye hoteli, shirika la ndege au kampuni iliyoandaa safari. Unaweza kuwa na haki zote mbili, lakini kila moja ina mlango wake na saa yake.

Nianze na barabara. Tuseme mama mmoja wa hapa kwetu amepanda basi la Tanzania kwenda Mombasa, na basi likapinduka upande wa Kenya. Gari linalovuka mpaka hubeba Kadi ya Njano ya COMESA. Tanzania ilijitoa COMESA mwaka 2000, lakini imeendelea kushiriki katika mpango huu wa bima. Kwa kadi hiyo, dhima ya mwenye gari kwa watu wengine hulipwa kwa kiwango kinachotakiwa na sheria ya nchi ajali ilikotokea, na dai hushughulikiwa kupitia ofisi ya mpango iliyoko katika nchi hiyo. Kwa hiyo mama huyu, au ndugu aliye naye, ahakikishe kabla ya kurudi kwamba ajali imeandikwa polisi, amepata nakala ya taarifa ambayo Wakenya huiita abstrakti, na amenakili namba ya gari na ya kadi. Sheria ya Kenya humpa mdai wa madhara ya uzembe miaka 3 kufungua shauri. Ni muda unaoonekana mrefu mpaka uanze kutafuta shahidi aliyekwisha kuhama.

Sasa angani. Tanzania ni mwanachama wa Mkataba wa Montreal wa mwaka 1999. Abiria wa safari ya kimataifa akiumia mwilini kwa ajali ndani ya ndege, au wakati wa kupanda au kushuka, shirika la ndege huwajibika bila abiria kulazimika kuthibitisha uzembe, hadi kiwango maalumu kinachokokotolewa kwa kipimo cha fedha cha Shirika la Fedha Duniani. Tangu tarehe 28 Desemba 2024 kiwango hicho ni vipimo 151,880 kwa kila abiria. Hicho ni kikomo cha uwajibikaji huo usiohitaji uthibitisho wa uzembe. Mdai hulipwa kulingana na madhara aliyothibitisha. Mwenye tiketi ya kwenda na kurudi iliyoanzia Tanzania anaweza kufungua shauri hapa nyumbani. Lakini muda ni miaka 2 tu, na ukipita haki yenyewe huzimika.

Je, likizo iliyoharibika ina thamani ya fedha? Mwaka 1972 Mahakama ya Rufani ya Uingereza ilijibu swali hilo. Wakili mmoja, Bwana Jarvis, alilipa pauni 63.45 kwa likizo ya Krismasi huko Uswisi. Aliahidiwa wenzi na burudani. Wiki ya pili akajikuta mgeni peke yake. Hakuumia mwili. Mahakama ya chini ilimpa nusu ya nauli yake. Ya rufani ikampa pauni 125, zaidi ya alicholipa, kwa sababu alichonunua ni furaha, na furaha hiyo hakuipata. Hukumu za Uingereza za namna hii hazizifungi mahakama zetu, lakini husikilizwa kwa heshima. Basi unapoorodhesha hasara, usiishie kwenye risiti za dawa. Taja mshahara uliokosa, maumivu, nauli ya ndugu aliyekufuata, na siku za mapumziko ulizolala kitandani.

Jambo hili lina upande wa pili, na hapa nawageukia wenye hoteli, madereva na waongoza watalii. Chini ya kanuni za Uingereza za mwaka 2018, kampuni iliyomuuzia mgeni safari ya pamoja, yaani nauli, malazi na matembezi kwa bei moja, huwajibika hata kwa kosa la hoteli iliyoko huku kwetu. Mgeni ataidai kampuni yake kwao, nayo kampuni itatafuta kurudishiwa na aliyekosea. Ngazi isiyo na mkono wa kushikilia na gari lisilo na mikanda ni deni linalosubiri tarehe.

Ndugu wananchi, wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Ukiumia ugenini, fanya haya. Tibiwa kwanza, na uombe taarifa ya daktari kwa maandishi. Toa taarifa polisi, na kama ni hotelini, taka tukio liandikwe katika kitabu chao. Piga picha ya mahali penyewe kabla hapajatengenezwa. Chukua majina na simu za mashahidi. Tunza tiketi, mkataba na kila risiti. Ijulishe kampuni yako ya bima mapema.

Na hili nalisisitiza: usitie sahihi ukiwa kitandani. Ni jambo la kawaida mtu kuletewa bahasha na hati ya kukiri kwamba amelipwa na hana dai tena. Fedha hiyo inaweza kutosha leo, na mwezi ujao ikahitajika operesheni ya pili. Hati ile ndiyo itakayosomwa mahakamani.

Niseme pia kwamba fidia hupunguzwa ikiwa mdai naye alichangia madhara yake, kama vile kwa kutofunga mkanda uliokuwapo.

Ofisi yangu hairuhusiwi kumsimamia mwananchi katika shauri lake binafsi. Inachoweza ni kukusomea hati kabla hujaitia sahihi na kukuelekeza pa kwenda. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 inatambua mawakili na wasaidizi wa kisheria wanaowahudumia wasio na uwezo. Waulizeni kwa Afisa Maendeleo ya Jamii. Mwenye mgogoro na kampuni ya bima iliyosajiliwa nchini apeleke malalamiko yake kwa Mamlaka ya Usimamizi wa Bima au kwa Msuluhishi wa Migogoro ya Bima.

Njooni mapema, na njooni na karatasi zenu.