Mto wa Rufiji hautoshi kwenye mstari mmoja

Aprili 2024 mafuriko yalizikumba wilaya za Rufiji na Kibiti. Watu wa Mtunda na vijiji vya delta hawahitaji kukumbushwa. Linalohitaji kusemwa ni hili: ramani za kompyuta tunazopangia uokoaji zina tabaka la maji, na tabaka hilo ndilo huamua nyumba ipi ihesabiwe kuwa hatarini. Likikosewa, hesabu yote imekwenda upande.

Ramani za maji za dunia nzima zilizotokana na picha za setilaiti za Landsat huisoma ardhi kwa vipande vya mita 30 kwa 30. Kijito cha kupitisha mtumbwi, tena chini ya mikoko, humo hakionekani. Pengo la ramani hapa si jipya: mwaka 1914 manowari ya Kijerumani Königsberg ilijificha katika delta hii hii, kwa kuwa Wajerumani walishaipima mikondo yake na Waingereza hawakuwa na ramani ya kutegemea.

Leo kuna nyenzo. Ramani huria ya OpenStreetMap inaruhusu kijito kutiwa alama kuwa ni cha msimu, au hufuata maji kujaa na kupwa. Ila alama hiyo haiwekwi na setilaiti. Huwekwa na mtu anayejua maji ya bamvua hufika wapi. Mvuvi anajua, mkulima wa mpunga anajua. Halmashauri iwakalishe na wapima ramani kabla ya masika, na kila mkondo uandikiwe tarehe uliyoonekana.