Chakula cha Nyongeza kwa Wazee Wetu
(Maneno ya Kamati ya Mfuko wa Jamii)



Awali ya yote tunamshukuru Mwenyezi Mungu kwa kutufikisha mwaka wa 10. Habari za hisa na mikopo mtazisikia kwa Mweka Hazina. Sisi tumepewa dakika chache kusema juu ya makao ya wazee tunayoyasaidia.

Jamani, sabuni na khanga ni vizuri, lakini mzee aliyedhoofu anahitaji chakula. Uzee hupunguza hamu ya kula, meno yametoka, kumeza kwa shida, misuli inapungua. Mzee wa kilo 50 akipungua kilo 2 na nusu ndani ya miezi mitatu, hiyo ni hatari. Ataanguka ovyo, vidonda vitachelewa kupona, na homa ndogo itamlaza.

Wenzetu wamependekeza tununue vidonge vya vitamini na maziwa maalumu ya makopo. Vidonge si chakula, havimtii mtu nguvu ya mlo. Makopo yana kazi yake, hasa kwa asiyeweza kutafuna au aliyetoka hospitali, lakini bei yake sote tunaijua. Mwongozo wa wataalamu wa lishe wa Ulaya wa mwaka 2019 unasema nyongeza ya namna hiyo isipungue kalori 400 na gramu 30 za protini kwa siku, tena iendelee walau mwezi mzima. Haya, tupige hesabu kama tunavyopiga za hisa: mayai 2 yana protini gramu 12 hivi, maziwa nusu lita gramu 16, siagi ya karanga vijiko 2 vikubwa gramu 7. Jumla gramu 35, na kalori zinapita 400. Vyote vipo sokoni kwetu!

Uji wa maziwa na karanga apewe saa nne asubuhi na kabla ya kulala, usije ukamwondolea hamu ya mlo wenyewe. Karanga zenye ukungu zitupwe, zina sumu. Mzee aketi wima anapokula. Anayepaliwa mara kwa mara, au mwenye kisukari au ugonjwa wa figo, tumuulize kwanza mganga.

Ombi letu kwa mkutano mkuu ni hili: sehemu ya mfuko wa jamii inunue mayai, maziwa na karanga kila wiki, pamoja na mizani moja ili wazee wapimwe kila mwezi. Kupeleka zawadi siku ya sherehe na kupiga picha hakumnenepeshi mtu. Sisi tuliojenga kikundi kwa haba na haba tunajua kwamba kinachofaa ni kile kinachotolewa bila kukatika. Na uzee, akina mama, uko njiani kwetu sote.

Akina mama hoyee!